Stima Ikipotea, Nyimbo Zibaki

Wako waliohamisha taarab za kaseti hadi kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayopeleka muziki kwenye spika za nyumba nzima kupitia waifai. Hatari yake ni kuzimika ghafla. Stima ikipotea wakati kadi ya memori inaandikwa, mafaili huweza kuharibika na mtambo ukakataa kuwaka. Kwa hivyo zima kwanza kwenye programu, ndipo uchomoe waya.

Raspberry Pi 4 yahitaji chaja ya volti 5 na ampea 3. Chaja dhaifu ya simu huweza kuifanya ijizime na kujiwasha.

Kadi ibebe programu pekee. Nyimbo ziweke kwenye diski ya nje, na nakala kwenye diski nyingine isiyochomekwa. Kanda ya harusi ya bibi ikipotea, haiuzwi dukani.