Mabawa ya Buffalo hayakuzaliwa usiku mmoja

Simulizi inayopendwa mjini Buffalo, jimbo la New York, ni fupi na tamu. Usiku mmoja wa mwaka 1964 Dominic Bellissimo alikuwa akihudumu katika baa ya wazazi wake, Anchor Bar. Marafiki zake wakaingia na njaa zao, naye akamwomba mama yake, Teressa, awatayarishie chochote. Mama akachukua mabawa ya kuku ambayo kwa kawaida yangeishia kwenye sufuria ya supu, akayatumbukiza katika mafuta ya moto, akayapaka sosi ya pilipili, akayatoa na vijiti vya seleri na bakuli la jibini la buluu lililolainishwa. Hicho ndicho chakula ambacho leo Marekani nzima hula inapotazama fainali ya mpira wao, Super Bowl. National Chicken Council, chama cha wafugaji na wachinjaji wa kuku nchini humo, kilikadiria kwamba katika siku za fainali ya mwaka 2025 yangeliwa mabawa bilioni 1.47. Ukiisoma simulizi ya Anchor Bar kando ya hesabu hiyo, shaka inaingia. Mama mmoja na karai moja la mafuta hawawezi kueleza mabawa bilioni moja na nusu. Hoja yangu ni kwamba chakula hiki kilitokana na mambo matatu yaliyokutana: mapishi ya Wamarekani Weusi waliohama kutoka Kusini, kiwanda cha kuku kilichobaki na kiungo kisichouzika, na televisheni iliyowakalisha watu kwenye kochi kwa zaidi ya saa tatu. Anchor Bar ilikuwa mlango mmoja tu ambao mambo hayo yalipitia.

Tuanze na simulizi yenyewe, maana hata wenyewe hawakukubaliana. Mwaka 1980 mwandishi Calvin Trillin alichapisha katika jarida la The New Yorker makala ya kutafuta asili ya mabawa hayo, na alichorudi nacho ni matoleo yasiyolingana. Frank Bellissimo, baba wa nyumba, alieleza kwamba siku hiyo baa iliagiza shingo na migongo ya kuku kwa ajili ya mchuzi wa tambi, ikaletewa mabawa kwa makosa, na mkewe akaona ni hasara kuyachemsha tu. Dominic alikuwa na lake: ilikuwa Ijumaa, wateja wengi ni Wakatoliki, wakanunua vinywaji kwa wingi wakisubiri saa sita ya usiku ipite ili waruhusiwe kula nyama, na yeye akataka kuwafanyia ukarimu. Baba anasema shehena, mwana anasema ibada. Tofauti hizo hazimfanyi yeyote kuwa mwongo, kwa kuwa kumbukumbu za familia hung'arishwa kila zinaposimuliwa kwa wageni, hasa wageni wanaolipa. Ila zinatosha kutuzuia kujenga historia nzima juu ya usiku huo.

Shahidi aliyevuruga mambo zaidi katika makala hiyo ni John Young, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Alabama, aliyekuwa na mgahawa ulioitwa Wings 'n Things katika Jefferson Avenue, upande wa mji walikoishi watu Weusi, katika miaka hiyohiyo ya 1960. Young aliuza mabawa mazima, hayajakatwa, yamepakwa unga na kukaangwa, kisha yakatiwa sosi nzito nyekundu yenye utamu na ukali aliyoiita mumbo. Alieleza kwamba wazo la kuuza mabawa peke yake lilimjia baada ya bondia mmoja msafiri kumsimulia habari za mgahawa wa Washington uliokuwa ukifanya hivyo. Kwa hiyo hata Young hakujidai kuwa wa kwanza duniani, na hapo ndipo ushuhuda wake unapopata uzito. Watu Weusi wa Kusini walikuwa wakikaanga mabawa muda mrefu, kwa sababu tangu zama za utumwa na baada yake, kuku alikuwa mmoja wa wanyama wachache walioweza kumfuga au kumnunua bila mtaji mkubwa, na hakuna kiungo chake kilichotupwa. Walipohamia kwa mamilioni kwenye miji ya viwanda ya Kaskazini, Chicago, Detroit, Buffalo, walihama na karai zao. Mwaka 1977 meya wa Buffalo alitangaza tarehe 29 Julai kuwa siku ya bawa la kuku na kuisifu Anchor Bar. Young, ambaye alikuwa ameuacha mji huo mwaka 1970 baada ya misukosuko ya rangi, hakuwamo katika sifa hizo.

Kuna watakaosema hapa kwamba ninamnyang'anya Teressa haki yake. Hoja yao ina nguvu na sitaipita kwa haraka. Bawa la Young na bawa la Anchor Bar si kitu kimoja. Teressa aliondoa ncha, akaligawa bawa vipande viwili, akaliacha bila unga, akalichanganya na sosi ya chupa ya pilipili na siki iliyoyeyushwa na mafuta ya majarini au siagi, na akaweka kando kitu baridi cha kuchovya. Mapishi hayo yana akili ndani yake. Kinachowasha katika pilipili huyeyuka ndani ya mafuta na hakiyeyuki vizuri ndani ya maji, ndiyo maana siagi hueneza ukali huo kinywani kwa upole, na jibini lenye mafuta huutuliza. Bia haiutulizi. Mlaji anaagiza nyingine, na nyingine tena, na chumvi ya sosi inamsukuma mbele. Katika mji wa wafanyakazi wa zamu, ambamo baa ziliruhusiwa kubaki wazi hadi saa kumi alfajiri, mwenye baa hakuhitaji kufundishwa faida ya sahani kama hiyo. Hata sisi hatushangai kwamba supu ya makongoro ilipata heshima yake katika saa ambazo watu wametoka kunywa. Basi Teressa apewe haki ya mapishi, tena bila kinyongo. Lakini sosi yenyewe ilikuwa dukani tayari: Frank's RedHot, inayotajwa kuwa ndiyo msingi wa sosi hiyo, ilianza kutiwa chupani mwaka 1920. Na mapishi mazuri ya mtaani hufa kila siku bila kuvuka mto. Swali linalobaki ni kwa nini haya hayakufa.

Jibu la kwanza liko kwenye machinjio. Kwa kumbukumbu za chama hichohicho cha wafanyabiashara wa kuku, mwaka 1962 zaidi ya asilimia 80 ya kuku wa nyama nchini Marekani waliuzwa wakiwa wazima. Kufikia mwaka 1980 ni karibu nusu tu. Mnunuzi wa kuku mzima hulipia bawa apende asipende. Mnunuzi wa vipande anachagua, na Wamarekani walichagua kidari, hasa baada ya washauri wa lishe wa miaka ya 1970 na 1980 kuwatia hofu ya mafuta ya nyama nyekundu. Kidari bila ngozi wala mfupa kikawa chakula cha mtu anayejali moyo wake. Sasa kila kuku aliyechinjwa kwa ajili ya kidari aliacha nyuma mabawa mawili, ngozi tupu na mifupa, ambayo hakuna daktari aliyeyapendekeza. Yalilundikana kwa bei ya kutupwa. Hapo ndipo karai la Buffalo lilipopata malighafi ya bei nafuu nchi nzima. Bawa ni zao la pembeni: huwezi kufuga kuku mwenye mabawa sita kwa sababu watu wameyapenda, wala huwezi kuacha kuyazalisha kwa sababu wameyachukia. Kwa miaka mingi ugumu huo ulikuwa faida ya wenye baa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mabawa rahisi yapatikane kila mahali na jina la Buffalo ndilo lishinde. Nadhani sababu ni ya kusikitisha kuliko watangazaji wa mji wanavyopenda kusema. Buffalo ilikuwa ikianguka. Mfereji mkubwa wa Saint Lawrence ulipofunguliwa mwaka 1959, meli zilipata njia ya kufika baharini bila kupitia bandari yake. Kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel katika Lackawanna, jirani yake, kiliacha kufua chuma mwaka 1983. Watu wakaondoka kwa maelfu kwenda Florida, Ohio, Carolina na popote palipokuwa na kazi, na walipofika huko wakatafuta ladha ya kwao. Buffalo Wild Wings, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za biashara hii, ilianzishwa mwaka 1982 Columbus, Ohio, na vijana wawili waliotamani mabawa ya aina ya Buffalo wasiyapate. Hooters ilifunguliwa mwaka 1983 Clearwater, Florida, jimbo lililojaa wahamiaji wa Kaskazini. Jina la mji lilisambazwa na watu waliokuwa wakiukimbia, jambo ambalo hakuna bango la utalii linaloweza kulikiri.

Jibu la pili ni mpira. Mchezo wa Marekani, tofauti na wetu, umekatwa vipande vifupi. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima matangazo ya mechi kadhaa na kukuta kwamba katika zaidi ya saa tatu, mpira wenyewe huchezwa kwa dakika kumi na moja hivi. Muda uliobaki ni marudio, mashauriano na matangazo ya biashara. Mtazamaji wa soka anayeondoa macho kwa dakika mbili anaweza kukosa bao, ndiyo maana vibandani kwetu watu hula karanga kwa kupapasa na kuacha chakula cha maana hadi mapumziko au filimbi ya mwisho. Mtazamaji wa Marekani ana nafasi nyingi za kutazama sahani. Anahitaji kitu kidogo kidogo, kisichohitaji kisu, kinacholiwa kwa mkono na kugawanywa bila hesabu kati ya watu wanaosimama na kukaa. Bawa lililokatwa vipande viwili linatimiza masharti hayo yote. Bahati ikaongeza lake: kuanzia Januari 1991 timu ya mji huo, Buffalo Bills, ilifika Super Bowl mara nne mfululizo, ikashindwa zote nne, ya kwanza kwa tofauti ya pointi moja, 20 kwa 19. Waliopenda mpira walikumbuka majonzi hayo. Waandaaji wa karamu za majumbani waliona jina la Buffalo kwenye kioo miaka minne, wakati uleule ambapo KFC na McDonald's walikuwa wakijaribu mabawa kwenye orodha zao. Domino's, wauza piza, walijiunga mwaka 1994, na kuanzia hapo bawa lililetwa mlangoni kwa simu.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu linatoka kwenye sahani ya jirani. Nacho, chipsi za mahindi zilizofunikwa jibini na pilipili za jalapeño, ambazo hazikosi katika karamu hizo, zina mvumbuzi anayejulikana. Ni Ignacio Anaya, aliyeitwa Nacho kwa ufupi, mhudumu wa mgahawa katika Piedras Negras, Mexico, ng'ambo ya mto kutoka Texas, aliyewaandalia wake za wanajeshi wa Marekani kitafunio hicho katika miaka ya 1940. Hapa usiku mmoja na mtu mmoja vinaonekana kutosha. Tazama, hata hivyo, jinsi nacho zilivyofika uwanjani. Mwaka 1976 Frank Liberto alianza kuziuza katika uwanja wa besiboli wa Arlington, Texas, zikiwa na sosi ya jibini inayomiminika, isiyohitaji friji wala tanuri, inayohudumiwa kwa sekunde chache kabla mteja hajarudi kitini. Miaka miwili baadaye mtangazaji Howard Cosell alizitaja katika matangazo ya mpira wa Jumatatu usiku na nchi nzima ikasikia. Anaya alikuwa amefariki mwaka 1975. Alichokitengeneza yeye kilikuwa chakula cha mezani, cha jibini halisi lililoyeyushwa kwa moto. Kilichoshinda ni kile kilichokubali masharti ya foleni ya uwanjani, na masharti hayo yaliwekwa na wafanyabiashara.

Kama soko ndilo lililoliinua bawa, tungetarajia soko hilohilo liligeuze, na ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwaka 2009 bei ya jumla ya mabawa ilikuwa imeipita ya kidari kisicho na mfupa, kile ambacho hapo awali kililiacha bawa likidharauliwa. Wauzaji wakarudi kwenye kidari, wakakikata vipande, wakakipaka unga na sosi ileile, wakaviita mabawa yasiyo na mfupa. Mlaji alivipokea bila kelele nyingi, jambo ambalo lingemshangaza mtu anayeamini kwamba siri ilikuwa ndani ya bawa. Mwaka 2021 mabawa yalipoadimika tena, kwa janga la Korona lililowafungia watu nyumbani na simu za kuagiza chakula, kampuni ya Wingstop ilifungua huduma ya mtandaoni iitwayo Thighstop, ikiuza mapaja ya kuku kwa sosi zake zilezile. Paja ndilo lililokuwa limebaki nyuma safari hii: nyama nyeusi ambayo Wamarekani kwa miaka mingi waliiacha isafirishwe ikiwa imegandishwa kwenda Urusi, Angola na kwingineko, kwa bei ambayo wafugaji wa huko hawakuweza kushindana nayo.