Daftari la Pamba la Mohoro

Ukitoka Kibiti kwenda kusini, lami inakupitisha kwenye mikorosho hadi Ikwiriri, kisha unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Abiria wa Lindi na Mtwara wengi huwa wamesinzia hapo. Mimi nilikuwa naitafuta Mohoro, ng'ambo ya mto, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao. Ndiko alikonyongwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Majimaji, tarehe 4 Agosti 1905.

Tunamjua kwa maji ya dawa aliyogawa Ngarambe na kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein. Mimi kilichonivuta ni makaratasi. Boma tunalikumbuka kwa bunduki na kamba, lakini lilikuwa pia ofisi, na utawala ule uliishi kwa madaftari: ya kodi, na ya pamba.

Kuanzia 1902, Gavana Götzen aliagiza mashamba ya pamba ya pamoja katika pwani ya kusini. Kila jumbe awe na shamba, watu wake walilime. Kwa maandishi, kazi ilikuwa siku 28 kwa mwaka. Fedha ya mauzo ilikatwa mafungu matatu: moja la jumbe, moja la chombo cha wilaya kilichosimamia mpango, moja la wakulima. Hilo la mwisho ndilo lililogawiwa kila aliyeshika jembe, wote. Kilichomfikia mtu mmoja kilikuwa kidogo mno hata wengine wakakataa kukipokea.

Mgawanyo wa namna hiyo haufanyiki kichwani. Lazima mtu apime, aandike, ajumlishe, agawe kwa tatu, kisha agawe tena kwa vichwa. Kwa hiyo alikuwapo karani mahali fulani aliyeiona tarakimu ya mwisho kabla mkulima hajaiona.

Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba kutangaza vita. Hawakuanza na mtu wala nyumba. Walianza na zao lenyewe. Kinjikitile alikuwa ameshakamatwa, na shtaka lake likawa uhaini. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapoifikiria kesi ile. Shtaka ndilo linaloamua karatasi ipi ni kielelezo na ipi ibaki kabatini. Uhaini unauliza nani alisema nini dhidi ya serikali. Hauulizi serikali ililipa kiasi gani.

Ipo kesi nyingine ambamo hesabu zilifika mahakamani. Miaka minane baadaye, huko Atlanta, Marekani, meneja wa kiwanda cha penseli, Leo Frank, alishtakiwa kwa mauaji ya msichana mfanyakazi, Mary Phagan. Watu wa ofisi yake walipanda kizimbani kueleza karatasi ya hesabu za wiki: inaandaliwaje, inachukua saa ngapi, mwandiko ni wa nani. Hoja ya utetezi ilikuwa kwamba mtu aliyetoka kuua asingeweza kuandika hesabu ndefu kiasi kile kwa mkono uliotulia. Baraza la wazee wa mahakama halikushawishika, lilimtia hatiani. Adhabu ya kifo ilipogeuzwa kuwa kifungo cha maisha, kundi la watu lilimtoa gerezani likamnyonga, Agosti 1915. Hata hivyo hesabu zilisikilizwa, na karani aliulizwa maswali.

Sisemi daftari la pamba lingemwokoa Kinjikitile. Karani huyaweza machache: huu ni mwandiko wangu, hivi ndivyo tulivyojumlisha. Safu ya siku za kazi ingeonyesha 28; isingeonyesha siku zilizozidi, wala kiboko cha mnyapara. Na aliyeandika alikuwa akila mshahara wa boma hilohilo.

Götzen aliondoka 1906, na mwaka 1909 akachapisha kitabu chake kuhusu vita. Waganga na uchawi wanachukua nafasi kubwa katika maelezo ya watawala, kwa sababu rahisi: mganga hana daftari la kumwumbua gavana. Lakini mpango wa mashamba ya pamoja ulifutwa. Uamuzi huo nauhesabu kuwa ushahidi wa serikali dhidi yake yenyewe, uliotolewa nje ya mahakama, baada ya mtuhumiwa kuzikwa.

Miaka ya 1960, Gilbert Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliingia vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka vita. Wazee hawakuwa na hati yoyote mkononi. Walieleza pamba ililimwaje, nani alisimama nyuma yao shambani, na alishika nini.