Mwili Mmoja, Maradhi Kadhaa: Kutoka Amashyuza ya Rubona hadi Kliniki ya Leo

Huko Rubona, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, zipo chemchemi za maji moto ziitwazo amashyuza, jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa. Wenye maumivu ya viungo huketi humo na kuzamisha magoti, wakingoja uvimbe ulegee. Joto hutuliza maumivu, ila halifiki kwenye chanzo.

Chanzo hicho, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, kilichelewa kukubalika. Tangu 1901 Paul Ehrlich alifundisha kwamba mwili huchukia kujidhuru. Wengi wakachukulia kuwa kujidhuru huko hakuwezekani, ingawa Donath na Landsteiner walionyesha kinyume chake mwaka 1904. Mwaka 1912 Hashimoto wa Japani akaeleza ugonjwa wa tezi ya shingo, na mwaka 1926 Mjerumani Schmidt akaona tezi hiyo na tezi za juu ya figo zimeharibika ndani ya mgonjwa yuleyule. Maradhi pacha yalionekana, basi, kabla chanzo chake hakijajulikana.

Chanzo kilidhihirika mwaka 1956, Roitt na Doniach wa London walipokuta damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili zinazoishambulia tezi yao wenyewe. Huku Afrika, mwaka 1968 Brian Greenwood aliripoti kutoka Ibadan kuwa wagonjwa wa maradhi haya ya kinga kujishambulia ni wachache mno, akadhani malaria huipooza kinga. Hoja yake ina uzito, lakini naamini uhaba wa maabara nao uliwaficha wengi. Mwaka 1988 Wafaransa Humbert na Dupond wakaainisha hali ya mtu mmoja kuwa na maradhi matatu au zaidi ya aina hii.

Kwa upande wa huduma, Rwanda, iliyoanza upya baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilifanya majaribio ya bima ya afya ya mutuelle mwaka 1999. Mwaka 2006, Rwinkwavu, wauguzi wakaanza kuhudumia wagonjwa wa kisukari na wa moyo katika kliniki moja. Utaratibu huo ulizaa mpango wa PEN-Plus wa kutibu maradhi makali yasiyoambukiza, ambao nchi za Afrika ziliupitisha Lomé mwaka 2022. Mwenye maradhi kadhaa ananufaika zaidi na mpangilio huu, kwa kuwa dawa ya prednisolone inayotuliza viungo vyake hupandisha sukari yake. Madaktari wawili wasiowasiliana humwachia yeye mzigo wa kupatanisha dawa.

Kwa hiyo, mwenye kisukari aina ya kwanza, ambacho nacho hutokana na kinga kujishambulia, apimwe tezi ya shingo pia, hata kama hajalalamika.