Miaka Yenye Majina: Jinsi Kifo Kilivyopita Lodwar na Kakuma

Anayetafuta daftari la vifo vya Lodwar vya mwanzoni mwa karne ya 20 atarudi mikono mitupu. Mji wenyewe haukuwapo. Ulianza kuchipuka miaka ya 1930, maduka ya kwanza yalipofunguliwa kando ya mto Turkwel, na sheria ya kuandikisha vifo haikuenea Kenya nzima hadi 1971. Hata hivyo Waturkana, wenyeji wa eneo hilo la kaskazini-magharibi mwa Kenya, walikuwa na kumbukumbu zao: mwaka mgumu waliupa jina, na mara nyingi jina hilo lilitaja kilichoua. Namotor, karibu na 1960, ni mwaka wa mifupa kuonekana nje. Kimududu, 1966, ni tauni iliyoangusha watu na mifugo. Lopiar, 1979 hadi 1981, ni ufagio uliofagia kila kitu.

Kabla ya majina hayo palikuwa na bunduki. Mwaka 1918 Waingereza walituma msafara wa Labur, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, wakisaidiwa na jeshi kutoka Sudan, kuwavunja Waturkana wa kaskazini waliokuwa wakiongozwa na shujaa Ebei na mwaguzi Loolel Kokoi. Waliopigwa risasi walikuwa wengi, lakini mifugo iliyotekwa ndiyo iliyoacha jeraha refu zaidi. Kwa anayeishi kwa maziwa na damu, kunyang'anywa zizi ni kunyang'anywa chungu cha kupikia. Baadaye wilaya ya Turkana ikafungwa, asiingie mtu bila kibali. Jangwa lililofungwa namna hiyo liliifaa serikali kuwa gereza, na ndiyo maana Jomo Kenyatta alihamishiwa Lodwar mwaka 1959. Kwa wenyeji, kufungwa huko kulimaanisha kukaa mbali na daktari.

Ukame wa 1960 na 1961 ndio uliolegeza mlango. Kambi za chakula zikafunguliwa, na wamisionari wa Kikatoliki wakaruhusiwa kuingia wakiwa na unga na dawa. Hapo ndipo vituo kama Lodwar vilipoanza kujaa watu waliopoteza mifugo. Mji ulikua zaidi kwa njaa kuliko kwa biashara.

Lopiar inaonyesha vizuri jinsi sababu za kifo zinavyoshikana mikono. Mvua ilikosekana. Homa ya mapafu ikamaliza mbuzi. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka nchini Uganda, ghala la silaha la Moroto, nchini humo, likaporwa, na uvamizi wa mifugo ukaanza kufanywa kwa bunduki za kisasa. Walionusurika wakakimbilia kambi za chakula, na humo, katika msongamano na maji machafu, kipindupindu kikawakuta. Cheti cha daktari kingeandika sababu moja, kipindupindu. Mzee wa Kiturkana angeanza kuhesabu tangu mbuzi wa kwanza aliyekufa.

Kuna pia kifo kisichopewa mwaka kwa sababu huja polepole. Mbwa akila ini la mbuzi lenye uvimbe, minyoo hukua tumboni mwake. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na kumfikia mtoto anayecheza na mbwa huyo au kulambwa naye. Miaka ikipita, tumbo la mtu hufura kwa vifuko vya maji. Ni ugonjwa wa hidatidi. Tafiti za miaka ya 1980 zilikuta upasuaji wake kaskazini mwa Turkana ukifikia watu 220 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu kabisa duniani. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti, ukigusa mbwa, elimu na kisu cha daktari.

Kakuma, mji mwingine wa Turkana, ilipokea wakimbizi kutoka Sudan mwaka 1992, na kambi ikawa jiji. Aprili 2005 kipindupindu kilirudi: watu 418 walitibiwa, wanne wakafa. Uchunguzi uligundua kwamba kuchangia choo na kaya nyingi kuliongeza hatari, na kufunika maji ya kunywa kuliipunguza. Kambi ile iliwapoteza wanne tu kati ya hao huenda kwa sababu safari hii tiba ilikuwa karibu.

Leo baadhi ya vifo vya Turkana vina vyeti, na hilo ni jema. Ila cheti hakina nafasi ya kuandika mbuzi waliotangulia kufa. Mwanahistoria atakayeandika juu ya vifo hivi aketi kwanza na wazee wanaojua majina ya miaka, ndipo aende kwenye makabati ya ofisi.