BARIDI YABISI, SEHEMU YA 3: Askari wanaotuliza askari wenzao

Jana wengi mliniuliza: inakuwaje kinga ya mwili imshambulie mwenye mwili? Kaa vizuri nikusimulie, mtoto akilia nyonyesha huku unasoma.

Mwaka 1938 Dkt. Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliandika jambo la ajabu. Wanawake wenye baridi yabisi wakishika mimba, wengi wao maumivu yalipungua, wengine yakapotea kabisa. Wakishajifungua, baada ya wiki au miezi michache, viungo vinawaka upya. Akaona lazima kuna kitu mwilini kinachoutuliza ugonjwa. Kukitafuta kulichangia kupatikana kwa tiba ya kotisoni, na 1950 yeye na wenzake wawili wakapata Nobel. Ila jibu lote lilikuwa bado.

Jibu lingine lilianzia Japani, kwa panya. 1969 Nishizuka na Sakakura waliwatoa panya wa siku tatu tezi ya thaimasi, ile ya kifuani inayokomaza seli T, askari wa kinga. Ovari za panya jike zikaharibika. Shimon Sakaguchi akajiuliza: umepunguza askari, mbona vita vimezidi? Akawachoma panya kama hao seli T za wenzao wazima, ugonjwa ukazuilika. Yaani kati ya askari wapo wanaowaambia wengine "basi, inatosha".

Miaka ya 80 wazo la seli za kutuliza lilikuwa limechekwa na kutupwa. Yeye hakuacha (mimi ningeshaacha zamani). 1995 akaonyesha alama ya kuzitambulia. 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata jeni ya Foxp3. Ikiharibika, watoto wa kiume wanazaliwa na kinga inayoushambulia mwili wao. Miaka miwili baadaye ikajulikana kuwa ndiyo jeni inayoziongoza seli hizo. Wote watatu walipewa Nobel 2025.

Sasa turudi kwenye viungo. 2004 watafiti wa London walizipima seli hizi kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Zilikuwepo, ila zilishindwa kuzuia kemikali za uvimbe. Wagonjwa walipopewa infliximabu, nguvu ikarudi. Hata kwenye maji ya goti lililovimba zinakutwa nyingi tu. Askari wapo, lakini kelele ni kubwa, hawasikiki.

Na mimba je? Seli hizi huongezeka ili mwili wako usimkatae mtoto, maana nusu yake ni ya baba. Inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo ya kile alichokiona Hench.

Naandika haya kwa ajili ya mama mmoja niliyemhudumia. Miezi minane baada ya kujifungua aliambiwa ni baridi tu, hakukandwa vizuri. Alipofika kwetu vidole vilishaanza kupinda. Hilo jina "baridi" linatuponza jamani! Kama asubuhi vidole vinakaza zaidi ya nusu saa, mikono yote miwili imevimba, na wiki zinapita, nenda hospitali ueleze hivyohivyo, na useme umejifungua lini.

Sehemu ya 4 kesho: dawa ipi haifai kabisa ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na ipi unaweza kuendelea nayo.