Jaketi ya ngozi ya bei ya chini: garama zenye hazionekane sokoni

Asubuhi, kwenye barabara ya Kilo kuenda Mongbwalu, motari mwenye hana jaketi anasikia baridi mpaka mifupani. Ndiyo maana jaketi nyeusi zenye kuitwa "ya ngozi" zinapendwa, kuanzia soko la Bunia mpaka kwa wachimbaji wa zahabu. Bei yake inapendeza. Lakini ile bei ni sehemu moja tu ya garama.

Ngozi ao plastiki?

Jaketi mupya ya bei ya chini sana, mara nyingi ni kitambaa chenye kupakwa plastiki yenye inaitwa poliyuretani. Zingine zinatengenezwa na vipande vya ngozi vyenye kusagwa na kuungwa na gundi. Muuzishaji atakuambia "ni ngozi", na hadanganye kabisa.

Poliyuretani inaogopa unyevu. Hewa yenye maji inaivunja polepole, hata kama jaketi imetundikwa tu nyumbani. Kiisha inabanduka kwenye kola na viwiko, na fundi hawezi kuishona tena.

Fanya hesabu

Tuseme unanunua jaketi ya dola 15, na inabanduka kiisha mwaka moja. Kwa miaka 6 utanunua sita: dola 90. Jaketi ya ngozi ya kweli ya dola 50, hata kama mutu mwingine aliivaa mbele, ukiitunza inaweza kumaliza hiyo miaka. Huo ni mufano tu. Weka bei za soko lako, utaona.

Siku ya kuanguka

Hapa garama ni mwili. Motari akianguka, plastiki nyembamba inapasuka mara moja, na joto la kusuguana na barabara linaweza kuiyeyusha juu ya ngozi yake. Jaketi za ngozi zenye kutengenezwa kwa ajili ya pikipiki, kwa kawaida ziko na unene wa milimita 1 na zaidi. Zile za urembo ziko nyembamba, hata kama ni ngozi ya kweli. Na jaketi yoyote haichukue nafasi ya kaske.

Wengine pia wanalipa

Ngozi nyingi duniani inatengenezwa na chumvi za kromu. Kule Hazaribagh, katika muji wa Dhaka, Bangladesh, viwanda vya ngozi vilimwanga maji machafu kuelekea muto Buriganga kwa miaka mingi, mpaka vikafungwa mwaka wa 2017 na kuhamishwa Savar. Kromu ya aina mubaya, kromu VI, inaweza kuwasha mwili. Tangu Mei 2015, Ulaya inakataza ngozi yenye kugusa mwili ikiwa na miligramu 3 ao zaidi kwa kilo moja.

Mbele ya kutoa feza

- Angalia ndani, kwenye mushono: ngozi iko na nyuzi-nyuzi, ukiona kitambaa chini ya rangi, ni plastiki.
- Nusa: plastiki inanuka plastiki.
- Kunja kiwiko: ngozi inafanya mikunjo midogo ya asili, plastiki ya zamani inapasuka.
- Vuta zipu mara kadhaa.

Kama feza ni kidogo, tafuta ngozi ya kweli kwenye nguo za kuvaliwa, ao koti ya kitambaa kizito. Ikilowana, ikaushe kwenye kivuli, hapana karibu na moto. Bei ya chini si dhambi. Shida ni kulipa mara sita kitu chenye hakikukinge hata siku moja.