Baiskeli ya Nyumbani na Boda Boda ya Busia

Ukitaja boda boda leo, mtu hufikiria pikipiki. Lakini jina hilo lilizaliwa juu ya baiskeli, katika mji wa Busia unaogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Kati ya kizuizi cha nchi moja na cha nyingine kulikuwa na mwendo wa kutosha kumchosha mwenye mzigo, na gari kuvuka lilihitaji karatasi nyingi. Miaka ya 1960 na 1970 vijana walifunga mto wa sponji kwenye keria, wakawa wanaita wasafiri: "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka.

Waandishi wengi huieleza habari hii kwa magendo, na wana sababu. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ilivurugika, na sabuni, chumvi na sukari zikaadimika Uganda. Kisha baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ikapandisha bei ya kahawa duniani. Kahawa ikavuka usiku kwenda Kenya, sabuni ikarudi.

Hata hivyo naona magendo yamepewa sifa mno. Baiskeli iliyobeba gunia la kahawa ilikuwa tayari ipo nyumbani: nyeusi, nzito, Raleigh au baadaye Hero ya India, yenye stendi pana na keria imara kuliko tandiko lenyewe. Ilipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga na kurudi na jerikeni za maji. Ilimpeleka mjamzito zahanati. Jumapili ilibeba familia nzima, mtoto kwenye bomba la mbele na mama nyuma, ameketi upande, na mwingine mgongoni. Gia haikuwa nayo. Mlimani watu walishuka, wakasukuma. Kumsawazisha mtu mzima nyuma, ambako ndiko kazi yenyewe ya boda boda, vijana walijifunza kwa kuwabeba mama zao.

Hapo ndipo pana jambo ambalo historia ya magendo hailigusi. Nyumba yenye baiskeli kwa kawaida ilikuwa na moja, nayo ilikuwa ya baba. Ilipoanza kuleta fedha, ilitoka alfajiri ikarudi usiku. Bibi yangu, aliyeolewa upande wa Uganda, husema maji yalirudi kichwani kwake wiki ileile babu alipoanza kwenda mpakani. Yeye mwenyewe hakuthubutu kupanda. Mwanamke mwenye kukanyaga pedeli alichekwa. Fedha zilikuja, hilo hakatai, ila hakuwahi kuambiwa ni kiasi gani.

Pikipiki zilipoenea, hasa baada ya Kenya kuziondolea zile ndogo kodi ya VAT mwaka 2008, wateja wa baiskeli walipungua. Ya babu ilirudi nyumbani ikiwa na breki moja. Wajukuu wa kike ndio wanaoiendesha sasa, jerikeni mbili zikining'inia kwenye keria, na bibi huwapigia kelele wapunguze mwendo.